Nimeshiba, Mama

Mwaka 1992 nilimaliza masomo ya lishe chuo kikuu, nikapata kazi Kigali, kwenye kituo kidogo cha afya huko Kimisagara. Wenzangu wa darasani walichukuliwa na viwanda vya maziwa na mashirika. Mimi niliangukia kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza, "Jana mlikula nini?"

Chuoni walisahau kwamba kwetu Rwanda mtu mzima hali mbele za watu, wala hasemi alichokula. Nikipiga hodi, nilisikia sufuria zikifunikwa haraka. "Tumeshiba," walinijibu, wakarudisha mlango. Wengine wakaanza kubadili njia wakiniona. Nilikasirika kwelikweli. Nimesomea afya yao mpaka macho yakauma, halafu hata kiti sipewi!

Mama Ilyasi, fundi cherehani, ndiye pekee aliyenikaribisha ndani.

"Jana usiku nilikula maharage na ndizi," alisema bila haya. "Na wewe, mwanangu?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamjibu kama niko kwenye mtihani: viazi, mchicha wa dodo, yai la kuchemsha, kipande cha papai.

Alinisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa juu ya gurudumu la cherehani.

"Vizuri. Ulikula na nani?"

Nilitazama mlango. Nikatazama kitambaa alichokuwa akishona.

"Nimeshiba, mama," nikasema.