Winga wa Kushoto na Risiti za Marehemu

Pale gulioni Vwawa bado wapo wanaosema kwamba Enoka Siwale aliuza nchi mbili kwa jozi moja ya viatu vya mpira. Wanayasema hayo pombe ikiwa mkononi, na wengi wao hata nyumba yake hawakuwahi kuiona. Mimi niliiona, na niliona ilivyobomolewa. Sehemu ya ubaya uliotendeka niliitenda kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa hiyo nitaeleza yalivyokuwa, na anayetaka kukasirika asinisubiri, mimi nilishaanza zamani.

Nyumba ilikuwa ya baba yake, mzee Nikodemo Siwale, hapa Tunduma, kati ya barabara kuu na nguzo ya mpaka. Shamba la ulezi na mahindi lilishuka nyuma ya nyumba mpaka bondeni. Upande wa pili wa nguzo, Rodesia ya Kaskazini, aliishi mjomba wake Enoka. Jogoo wa huku akiwika, wa kule anajibu. Nguzo yenyewe waliichimbia Wazungu kabla hatujazaliwa, na sijasikia kwamba walimuuliza babu wa mtu yeyote.

Mwaka 1944 Enoka alivuka kwenda Kopabelti kutafuta kazi ya mgodi, kama vijana wote. Boma la upande ule lilikuwa likitoa kitambulisho cha kazi, tulichokiita chitupa, kwa watu wao kwanza. Wa Tanganyika walikaa nje wiki mbili wakila unga wao wenyewe. Basi Enoka alifanya alichofanya kila kijana wa kabila letu la Kinamwanga: alitaja kijiji cha mjomba wake. Mimi nilitaja cha shangazi yangu. Wala hatukuona kama tumedanganya. Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, nawe kwenu ni pawili, unataja pale penye mstari mfupi.

Mgodini walimwona akicheza mpira jioni moja, na baada ya hapo hakushuka tena chini ya ardhi. Walimpa kazi ya kufuta taa za wachimbaji, nyama ya ziada, na nyumba ya bati. Kazi yake halisi ilikuwa mguu wa kushoto. Nilimwambia kwamba wenzake wanalipwa kuchimba shaba, yeye analipwa kuwachekesha Jumapili ili wasigome Jumatatu. Akacheka.

"Kaka Hezron," akaniambia, "nawe ukiota mguu wa maana watakulipa."

Baadaye akaitwa kwenye timu ya Waafrika wa Rodesia ya Kaskazini. Jezi yao aliivaa mara tisa.

Mwezi wa sita mwaka 1951, nami nimesharudi Tunduma, mzee Nikodemo akafa. Enoka akaja kuzika, na baada ya matanga wazee wakamwambia kwamba yeye ndiye atakayepyana. Kwa wasiotujua: kwetu mtu akifa jina lake haliachwi chini. Anatafutwa mmoja wa ukoo, anakalishwa mkekani, anapewa upinde wa marehemu na jembe lake, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Si mfano wake, ni yeye. Wadogo zake Enoka wakaanza kumwita tata, yaani baba. Shangazi zake, wazee wa mvi, wakamwita kaka. Mchungaji alinung'unika kidogo kisha akala nyama. Na aliyepyana haondoki, anakaa nyumbani kwa marehemu, anatunza mji na kaburi. Enoka akaandikia mgodi kwamba harudi. Taa, bati, nyama ya ziada, vyote akaviacha kwa ajili ya ule mji. Hapo ndipo wangeanzia wale wa Vwawa, kama wangekuwa na akili ya kuanza mahali.

Haikupita miezi minne, akaja Kasiani, karani wa boma la Mbeya, ambaye pia ndiye aliyekuwa akikusanya wachezaji wa jimbo kwa ajili ya timu ya Tanganyika. Akaja na Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, kwa gari. Walikuwa wamechoka kufungwa na Kenya na Uganda. Tatizo lao lilikuwa chitupa: Enoka ameandikwa mtu wa Rodesia. Kasiani, mjanja yule, akauliza kama risiti za kodi za marehemu zipo. Zilikuwepo, ishirini na mbili, ndani ya kopo la majani ya chai, zote za Tanganyika, zote jina la Nikodemo Siwale wa Tunduma. Akamweleza bwana wake kwa Kiingereza. Bwana Shauri akacheka sana, akatugeukia.

"Kwa mila zenu," akasema, "huyu sasa ndiye Nikodemo. Sivyo?"

Tukajibu kwamba ndivyo. Na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa yangu. Niliona fahari kwamba Mzungu ameiheshimu mila yetu mbele ya watu. Enoka alisita. Aliniambia pembeni kwamba kule anao wenzake, ameishi nao miaka saba, hawezi kuwageuka tu. Nikamhubiria. Nikamwambia Tanganyika ndiyo nchi ya baba yako, damu yako iko hapa, na ukiwachezea hawa, nani atakugusa kwenye mji wako? Maneno hayo niliyasema mimi. Bwana Shauri akatia sahihi karatasi ya mchezaji, jina Nikodemo Siwale, juu ya boneti ya gari.

Miaka miwili na nusu alicheza kama Nikodemo Siwale. Alikwenda Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Unguja. Jina la baba yake likachapwa kwenye gazeti la serikali pamoja na picha. Kati ya safari alilima. Gharama yake aliilipa upande wa pili: binamu zake, wana wa mjomba, waliacha kumwitikia salamu kisimani. Mmoja alimwuliza mbele ya wanawake kama huko Tanganyika watu huzaliwa na ndevu. Alivumilia. Aliniambia mji uko salama, hilo linatosha.

Mwaka 1954, mwezi wa tatu, wakaja wapima ardhi na vigingi. Serikali inajenga ofisi ya forodha na kizuizi cha magari. Nyumba kumi na moja zitaondoka, kila mwenye nyumba atapewa kiwanja kingine na shamba jipya upande wa kwenda Vwawa. Majina yakabandikwa kwenye ukuta wa duka. Yalikuwa kumi. La Siwale halikuwepo.

Tukadhani karani amekosea. Tukaenda barazani, Enoka, mama yake aitwaye Nesta, na mimi na kopo la risiti. Bwana Shauri alikuwa yuleyule, Kasiani yuleyule pembeni yake na kitabu. Enoka akaeleza kwa adabu kwamba haombi kubaki peke yake wakati wengine wanahama. Anaomba kaburi liachwe, na apewe shamba kama wengine.

Bwana Shauri akasema mwenye shamba lile hayupo. "Nikodemo Siwale alikufa mwezi wa sita 1951. Imeandikwa kitabuni."

"Bwana," Enoka akasema, "Nikodemo Siwale aliwafunga Uganda mabao mawili mwaka jana. Nalo limeandikwa, na picha ipo."

Watu wakacheka. Bwana Shauri hakucheka safari hii.

"Mpira ni mchezo. Ardhi ni sheria. Wewe ni Enoka, mtu wa Rodesia, chitupa chako kinasema hivyo. Mgeni hapewi ardhi ya Tanganyika."

Nikasimama. Nikamkumbusha boneti ya gari, sahihi, maneno yake mwenyewe kuhusu mila zetu. Nikamwuliza ni mila gani hiyo inayokuwa kweli uwanjani na uongo shambani. Nikamwuliza Kasiani kama ana mdomo. Kasiani akatazama kitabu chake. Tarishi akanishika mkono, nikatolewa nje, na mpaka leo nina hakika kwamba nilisema machache mno.

Sasa sikilizeni ufedhuli wa watu hawa. Siku kumi baada ya baraza lile, Tanganyika ilikuwa icheze na Rodesia ya Kaskazini, pale Mbeya. Jumamosi asubuhi likaja gari la boma. Kasiani ameketi mbele, ameipakata jezi iliyopigwa pasi. Enoka alikuwa shambani anavuna ulezi kabla vigingi havijamkuta. Akaja na kisu chake cha kuvunia, akamwamkia vizuri, akamshika mkono kama anampeleka kumwonyesha kitu. Akamfikisha kaburini.

"Mchezaji wako huyu hapa," akasema. "Mwamshe."

Kasiani akaanza kutokwa jasho. Akasema ndugu yangu, mambo ya ofisi si ya kuyachukua hivyo, cheza leo, tukishinda bwana atafurahi na shauri litatazamwa upya. Akaapa kwa Mungu. Enoka akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yuko tayari, ataingia kwenye gari hivi hivi na vumbi lake. Anataka karatasi moja tu kutoka kwa Bwana Shauri, yenye sahihi, kwamba Nikodemo Siwale wa Tunduma yu hai na ana shamba.

"Unajua hawezi kuandika hilo," Kasiani akasema.

"Basi na mimi siwezi kuivaa hiyo. Mmesema ni mgeni. Mgeni akivaa nguo za wenyewe anaitwa mwizi."

Mimi hapo nilikuwa nimesimama pembeni. Nilijua, naye alijua, kwamba kwa kukataa anaupoteza mji. Pengine kwa kukubali angeupoteza vilevile, ila wiki mbili baadaye, na baada ya kuwafungia bao. Gari likageuka na jezi yake.

Kule Mbeya, Tanganyika walifungwa manne kwa sifuri. Watu walipouliza yuko wapi Nikodemo, wakatangaziwa kwamba anaumwa. Marehemu anaumwa! Waliokuwepo walipiga makofi ya pole.

Jumanne wakaja askari na matarishi. Nyasi za paa zilivutwa na kulabu, kihenge kikaangushwa, ulezi ukamwagika njiani na magurudumu yakapita juu yake. Nilimwonyesha mpima kaburi, akanionyesha ramani yake: kwenye ramani halimo. Akachimbia kigingi cha kizuizi hatua tatu kutoka kichwani pa mzee.

Kisha askari wakampeleka Enoka mpakani, kwa kuwa mgeni asiye na kibali sharti avuke. Akatembea mbele yao na jembe begani. Alipofika kwenye nguzo akasimama.

"Hapa?" akauliza.

"Mbele."

Akapiga hatua moja. "Hapa?"

"Mbele tena."

Akapiga nyingine, polepole, kama anapima mahali pa kuweka mpira. "Hapa?"

Askari walitazamana. Mkubwa wao akasema hapo panatosha.

Enoka akaketi chini palepale, akatuelekea sisi na vumbi la nyumba yake, na hakuondoka. Jua likapanda, likashuka. Binamu zake wakatoka nyumbani kwa mjomba, wakaja wakaketi pembeni yake. Sisi upande huu tukabaki tumesimama.

Jioni mama Nesta akakusanya kuni kutoka kwenye paa lake lililoanguka, akapika ugali, akaubeba, akapita katikati ya askari, akavuka mpaka, akamlisha mwanawe na wale wengine, akarudi na chungu. Hakuna aliyemzuia. Yeye hawakuwahi kumwandika popote.