Kitanda cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alilala kwenye banda la jiko karibu masika yote, na chumba alichoandikiwa kilikuwa pale pale mbele ya banda. Kilikuwa na bati, mlango na kitanda. Ndani ya chumba hicho nililala mimi.

Jina lake sitaliandika hapa. Kwetu mke hatamki jina la baba wa mumewe. Hamtazami usoni, halali naye chini ya paa moja, na akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Wenyewe tunasema mke anamwogopa mkwe, lakini si woga kama wa kuogopa mbwa. Ni heshima, na ni ya pande zote mbili, maana naye anakuogopa vilevile. Wasichana wa Tukuyu mjini siku hizi wanashikana mikono na baba wakwe zao na kupiga nao picha za harusi. Mimi niliolewa Isongole, na nyumba ya akina Erasto ilikuwa bado imeishika mila ile. Nilisoma mpaka kidato cha nne, lakini na mimi niliishika, kwa sababu mzee yule aliniheshimu kuliko watu wengi walionitazama machoni.

Nilimjua kwa mgongo wake, kwa kikohozi chake na kwa miguu yake. Akiwa na neno la kuniambia, alikiambia kitu kingine nami nikasikia. Aliziambia kuni, "Kuni, mwambieni mwenye chungu kwamba kesho naamkia bondeni." Nami nilimjibu kupitia kuni hizo hizo. Mama mkwe alipokuwa hai alitucheka sana. Alisema kuni za nyumba ile zina masikio kuliko watoto wake.

Mwaka huo viazi viliharibika. Ukungu ulishuka, majani yakawa meusi, na shamba zima likanuka. Erasto alikuwa Chunya machimboni na habari zake zilikuja mara moja moja. Tukasikia mashamba ya chai kule chini yanaandika watu wa msimu na yanatoa nyumba. Mzee aliuambia mlango kwamba yeye anakwenda, na kwamba mwenye chungu akitaka kwenda pia, aje. Tulishuka kwa bodaboda mbili, yake mbele na yangu nyuma kwa mbali.

Kosa lilitokea siku ile ya kuandikishwa, na ni kosa ambalo watu wa kabila lingine wasingelifanya. Karani alimuuliza mzee, "Yule mama pale nyuma ni nani wako?" Mzee hakuweza kunitaja wala kugeuka kunitazama. Akajibu kama mtu wa heshima anavyojibu kwetu, "Ni wa nyumbani kwangu." Karani, ambaye hakuwa mtu wa huku, akaandika familia moja na kumpa ufunguo mmoja. Mzee akautazama ule ufunguo muda mrefu. Kisha akauweka juu ya jiwe, akaondoka, nami nikaja nikauokota.

Jioni ile nilikaa ndani nikimsubiri aende kuomba chumba kingine. Hakwenda. Alitandika gunia kwenye jiko la pamoja la laini yetu, banda lisilo na kuta, lenye paa la nyasi kuukuu, akajifunika koti. Ile laini ilikuwa safu ya vyumba vilivyobanana, ukuta kwa ukuta, na asubuhi kila mtu alimkuta pale akichochea moto kana kwamba ameamka mapema tu.

Tulia, jirani yangu, mwanamke wa Nkunga mwenye mdomo mwepesi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa.

"Dada Atupakisye, mkwe wako analala na paka," aliniambia. "Mwambie paka wangu anakoroma."

Nilicheka naye siku hiyo. Mvua kubwa zilikuwa hazijaanza.

Zilipoanza, zilinyesha kama zinavyonyesha Rungwe, mchana na usiku, mpaka ukasahau milima iko upande gani. Maji yaliingia jikoni kwa chini na kwa juu. Niliviambia vikapu vya chai, mzee akiwa karibu, kwamba mwenye chumba atalala kwa Tulia na chumba kitakuwa wazi. Mzee aliviambia vikapu kwamba chumba chenye nguo za mke wa mwanawe si chumba chake. Hata hivyo nililala kwa Tulia. Mlinzi akanifukuza, kwa sababu sheria za kambi zilikataza mtu kulala chumba ambacho hakuandikiwa. Niliporudi, mlango wangu ulikuwa wazi kama nilivyouacha, na yeye alikuwa jikoni na maji yakimfika kwenye gunia.

Sheria zenyewe zilikuwa zimepigwa rangi kwenye ubao nje ya ofisi ya kambi. Kila mtu alijua za juu: usilete mgeni wa kulala, usipike ndani, mwanamke asikanyage bweni la wanaume, familia moja chumba kimoja. Za chini hakuna aliyezijua, kwa sababu tope la matone ya mvua lilikuwa limezirukia na kuzifunika. Siku moja nilichuchumaa nikazifuta kwa pindo la kanga. Ziliandikwa haki za mfanyakazi wa msimu. Kila mfanyakazi ana haki ya kitanda na godoro chini ya paa lisilovuja. Mwanamume na mwanamke wasio mume na mke wasilazimishwe kulala chumba kimoja.

Nilisoma mara mbili, kisha nikaenda kwa Ackson, msimamizi wa kambi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka na watu. Alinisikiliza, akacheka mpaka akafuta macho.

"Mmepewa chumba kizima, mnakiogopa," alisema. "Huyo mzee ni baba yako, si chui."

Nikamwambia ubao unasemaje. Akasema ubao anaujua, na kwamba mwenye shida aje mwenyewe aseme shida yake. Nilijua hilo haliwezekani. Ili aseme shida yake ingebidi mzee asimame mbele ya wageni na kueleza mambo ya kulala, na ndani ya maelezo hayo nitajwe mimi. Angekubali kulala mtoni kwanza. Niliyaambia masufuria habari hiyo, nayo yakajibiwa hivyo hivyo, kwa upole, kwamba watu wazima hawapeleki mambo ya nyumbani ofisini, na kwamba mvua haijawahi kukosa mwisho.

Kikohozi kilianza kubadilika. Zamani kilikuwa kikohozi cha kubisha hodi, cha kunijulisha kwamba anapita nijifiche. Sasa kilikuja bila yeye kukiita.

Nikaomba ruhusa kwa nyapara nikapanda ofisi kuu, kule kiwandani. Afisa wa ustawi wa wafanyakazi alikuwa mama mmoja anayeitwa Felista. Nilipoanza kueleza, aliweka kalamu chini. Aliniuliza kwa Kinyakyusa kama bado tunaogopana kweli kweli. Nikasema ndiyo. Akasema bibi yake alikuwa hivyo.

"Jina la mzee?" aliuliza.

Sikuweza. Mdomo wangu haukuwahi kulitamka jina lile tangu niolewe. Alinisogezea kipande cha karatasi nikaliandika upesi, kama naandika tusi. Yeye alisoma kimya kimya, hakulitamka mbele yangu. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Siku iliyofuata Ackson alimpeleka mzee kwenye bweni la wanaume, ng'ambo ya uzio, akampa kitanda na godoro la sponji ambalo bado lilikuwa na nailoni yake. Jioni mzee alipita karibu na jiko letu. Nikageukia ukuta. Akayaambia mafiga, "Ndaga fijo, asante sana. Mwambieni aliyehangaika, Mungu amwone." Tulia alikuwa anamenya ndizi. Kwa mara ya kwanza hakutania.

Nililala usingizi mzito siku hizo. Mvua ikipiga bati nilifurahi kuisikia.

Lakini kikohozi hakikubaki jikoni. Kilihamia naye bwenini. Alipokuwa kwenye banda la jiko nilimsikia usiku kucha, nilijua amekohoa vipi, amekunywa maji, amelala. Sasa palikuwa na uzio kati yetu, na ile sheria ya ubao ambayo kila mtu aliijua, mwanamke asikanyage. Nilimtumia uji kupitia Lukasi, mwanamume aliyelala kitanda cha jirani yake. Lukasi alinirudishia kikombe na kuniambia mzee anasema hajambo. Siku nyingine alisema mzee leo hakwenda kuchuma, amepumzika. Nilimwomba Ackson ampeleke zahanati. Ackson alikwenda kweli kumuuliza, akarudi akasema mzee mwenyewe amekataa, anasema ni mafua, jua likitoka atapona.

Ikafika siku ambayo chai ilikuwa imechipua sana. Lori lilibeba watu wote kwenda shamba la mbali kabla hapajapambazuka, na Lukasi akiwemo. Hapakubaki mtu wa kumpelekea uji. Nilimwambia nyapara tumbo linaniuma, nikarudi kambini kwa miguu.

Nilipika uji wa ulezi. Nikajitanda kanga kichwani mpaka karibu na macho, nikavuka uzio. Nilibisha hodi, nikaingia kwa ubavu, uso nimeuelekeza ukutani, nikihesabu vitanda kwa mkono, kama Lukasi alivyowahi kunieleza, mpaka nikafika chake. Mwanga ulikuwa wa kutosha, dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia blanketi likivutwa. Alikuwa amejifunika uso ili mimi nisiingie aibu.

Niliweka kikombe sakafuni. Niliona kisigino chake kimoja nje ya blanketi, kisigino chenye ufa wa zamani ambao nilikuwa naujua.

"Ukuta," nilisema, "muulize tata, baba yetu, kama nikatafute gari la kwenda hospitali."

Sauti ilipokuja ilikuwa ya chini, lakini mtu akiongea ndani ya blanketi sauti yake huwa ya chini.

"Ukuta, mwambie arudi kazini kabla hawajamwona humu. Wasije wakamfukuza kwa ajili yangu." Akapumzika. "Mwambie godoro ni zuri. Nimelala vizuri."

Nikasema ndaga. Nikatoka kwa ubavu kama nilivyoingia.

Lukasi alimkuta jioni, alipotoka kwenye mizani ya kupimia chai. Alikuja mpaka kwenye laini yetu akiwa bado na aproni ya plastiki, akasimama, nami nikajua. Baadaye kidogo, kwa kutaka kunifariji, alimweleza Tulia mambo ambayo niliyasikia. Alisema asubuhi waliondoka gizani, walimwacha amejifunika, hakuna aliyemwona. Alisema midomo yake ilikuwa imegeuka kama majivu na mashavu yalikuwa yameingia ndani, kwamba hayo si ya saa moja, na kwamba mtu yeyote ambaye angemwona uso mchana ule angepiga kelele mpaka gari lipatikane. Tulia alimshika mkono anyamaze. Lukasi hakujua ni nani aliyekuwa mle bwenini mchana; Tulia nilikuwa nimemwambia.

Kambi haikuruhusu msiba. Ackson alitafuta pikapu, akaongeza mafuta kutoka mfukoni mwake, akasimama kwenye mvua bila kofia mpaka tulipoondoka. Tulipita Kiwira watu wakinunua ndizi kama kawaida. Tulia alikaa nami nyuma ya gari, mkono wake juu ya jeneza ili lisiteleze.

Isongole tulimzika pembeni ya migomba yake. Watu walipopanga mstari wa kumuaga, shangazi wa Erasto alinishika bega akanisogeza nyuma, bila ukali wowote. Alisema, "Wewe mwanangu, umemwogopa vizuri. Mwogope mpaka mwisho." Nikasimama nyuma ya migomba na kusikia nyimbo.

Erasto alifika kutoka Chunya baada ya mazishi. Alilia kaburini, akaja akakaa jikoni, na hakutaka kula. Tulia alikuwa amemwambia, kwa nia njema, kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho kuwa na baba yake. Kwa hiyo aliniuliza mimi.

"Alikuwaje?" alisema. "Alikuwa na maumivu? Alikuwa amekonda sana?"

Niliitazama mikono yangu. Nilimwambia alichosema kuhusu godoro. Nilimwambia alinihimiza nirudi kazini. Aliyasikiliza hayo yote, akaitikia kwa kichwa, akasubiri.

"Lakini uso wake, Atupakisye. Uso wake ulikuwaje?"

Kisha akakumbuka mimi ni nani kwa baba yake. Nilimwona anavyokumbuka. Akafunika macho kwa kiganja, naye hakuniuliza tena, si siku ile wala baadaye.