Maini ya Kila Jumamosi

Mzee Raphaeli alikuwa na hakika na jambo moja: mke wake atapona kwa maini. Tangu zahanati wamwambie damu ya Ferista imeshuka hadi nane, kila Jumamosi alishuka na baiskeli hadi bucha ya Mpemba akarudi na nusu kilo kwenye mfuko mweusi. Maini, matembele, juisi ya rozela, na vidonge vya kuongeza damu juu yake. Miezi mitano. Ferista anakula, anameza, anashukuru, na bado akipanda kile kilima cha kisimani anakaa chini mara mbili kuvuta pumzi. Jamani, mtu afanye nini tena?

Halafu kulikuwa na hili lingine ambalo Raphaeli hakumwambia mtu. Kwao, mke akimletea mumewe chakula hupiga magoti, akapiga makofi taratibu, ndipo akamkaribisha. Ferista alifanya hivyo miaka thelathini na minne. Tangu masika alikuwa anaweka sahani, anaficha mikono ndani ya khanga, basi. Raphaeli akajua amenuniwa. Kosa lake hakulijua, na kuuliza aliogopa, akaona dawa ni kuongeza maini. Nusu kilo ikawa robo tatu.

Siku ya majibu ya vipimo walikaa mbele ya Daktari Ambwene, katika hospitali moja ya Tunduma ambako binti yao Brenda aliwasihi waende. Daktari akasoma karatasi, akairudia, akauliza mama anakula nini. Raphaeli akaeleza habari za maini kwa kirefu, mpaka jina la mwenye bucha akalitaja. Daktari akatabasamu, akasema chuma si tatizo kabisa. Mwili wa mama una akiba tele ya chuma, ila umeifungia, kama mtu aliyefunga ghala la mahindi na watoto wana njaa. Kipimo kingine kilionyesha sababu: mahali fulani ndani pana uvimbe wa muda mrefu, na mwili unaopambana hivyo hautoi chuma kutengeneza damu. Uvimbe ukitibiwa, damu itapanda. Wasipojua uko wapi, itabidi watafute hata magonjwa mabaya zaidi.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, daktari. Ni uchovu tu."

Raphaeli alisikia magonjwa mabaya zaidi yakitajwa. Akamtazama mkewe, mikono imo ndani ya khanga na nje jua linawaka. Aibu ya mambo ya nyumbani akaimeza.

"Daktari, huyu siku hizi hanipigii makofi."

Daktari hakucheka. Alimwomba mama akunje ngumi. Ferista akaitoa mikono polepole. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, vyekundu, na vidole havikukunjika hata nusu. Akakiri kwamba kila asubuhi husubiri jua lipande ndipo viachie, na kwamba ni mwaka sasa. Daktari akasema uvimbe ndio huo, ni baridi yabisi, dawa zipo, na vile vidonge vya chuma waviache.

Walipotoka waliingia kwa mama lishe kando ya barabara, palipojaa madereva wa malori. Raphaeli aliagiza ugali na samaki, akauliza mwaka mzima alifichwa kwa nini. Ferista alijibu akitazama meza. Mikono ya mama yake iliharibika hivyo hivyo, na kabla mavuno ya kahawa hayajaisha baba yake akaleta mke mwingine wa kuchuma.

"Niliogopa ukijua mikono yangu imekwisha, Baba Brenda."

Hasira zilimpanda Raphaeli, za kumkasirikia mkwe aliyekufa zamani, na nyingine za kujikasirikia mwenyewe, mpumbavu mkubwa, alikuwa anahesabu makofi wakati mwenzake anaungua. Chakula kikaja. Akavuta kiti karibu, akamnawisha mkewe kidole kimoja kimoja kwa maji ya vuguvugu, akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka mdomoni mwake. Madereva wa meza za jirani wakageuka kutazama. Kwao mwanamume hafanyi hivyo, hata chumbani.

"Watu wanatuangalia," Ferista akanong'ona.

"Waache waangalie. Sikuoa mikono, Ferista. Nilikuoa wewe."

Machozi yakamtoka mama wa watu. Akafungua mdomo, akala.