Hindi Piga, Harage Nyamaza

Mwalimu Rogath wa kwaya aliniambia mbele ya watu, tukitoka kanisani: "Otilia, Jumamosi nitakuja kuwasikiliza hao watoto wako. Zikiwa ni kelele tu za sufuria na madumu, kikundi nakifunga. Waje kwaya wajifunze nota."

Watu wakiwa wengi, sauti yangu hupotea. Shule niliishia darasa la tano na nota sizijui. Yeye ni msomi, alihamia Babati ofisi za mkoa mpya zilipofunguliwa. Lakini wale watoto tisa wa kigango chetu cha Singe nilikuwa nawajua, na kazi yangu nilikuwa naijua.

Ukimpa mtoto sufuria, kupiga si shida. Shida ni kuacha. Kwa hiyo niliwapeleka kwanza kwenye kinu. Dorika na Kindness wakashika michi miwili, wakatwanga kwa zamu. Mmoja akishindwa kusubiri, michi inagongana.

"Mmeona? Mwachie mwenzako nafasi yake."

Kisha nikapanga punje nane juu ya ungo. Hindi, piga. Harage, nyamaza. Kila mtoto akapanga mstari wake: Damasi wa dumu, Kindness wa mifuniko, Dorika wa chupa yenye mchanga. Walibishana, wakahamisha punje, wakasikiliza tena. Kufikia Ijumaa walikuwa na muziki ambao mimi sikutunga hata punje moja.

Jumamosi Mwalimu Rogath alifika na daftari kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Nota ziko wapi?"

Damasi akamsogezea ungo. Mwalimu akacheka. "Haya si makande?"

"Ni muziki," Kindness alisema. "Soma."

Bila kuuliza lolote Mwalimu akachukua mwiko, akapiga sufuria akifuata mstari wa juu. Kila penye harage alipiga, kila penye hindi akanyamaza. Watoto wakaangua kicheko. Dorika alicheka mpaka akakaa chini.

Mwalimu akakaza uso. Akafunga daftari. Nikaona kikundi kinafungwa, na watoto wote wakanigeukia mimi.

"Mwalimu," nilisema, na sauti ikatoka, "umepiga penye harage. Harage ni kunyamaza."

"Kwa nini? Harage ndilo lenye bei. Hindi ni la kujazia tu."

"Ndiyo maana. Kupiga kila mtu anaweza."

Aliweka daftari chini, akarudi mwanzo wa mstari. Safari hii alipofika kwenye harage, mkono wake ulibaki juu. Damasi akaingia na dumu katika nafasi ile, mifuniko ikafuata, chupa ikachakacha. Mwalimu alikosea mara mbili. Nilimwonyesha punje kwa kidole, akaendelea.

Walipomaliza aliweka mwiko chini taratibu. "Kesho mtaanza nyinyi, kabla ya kwaya. Na mimi nipige wapi?"

"Wewe bado, Mwalimu," Kindness alimjibu. "Ufanye kwanza mazoezi."

"Lini?"

"Kila Jumamosi saa nane," nikasema. "Usichelewe."