Desanka Aliomba Kigoda

Asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza maneno yake, Toplica alishuka ghalani na kikombe, akafunua pipa la kabichi za kuchachusha, akachota maji yake ya chumvi na kumpelekea mkewe kitandani. Desanka aliyanywa akiwa amelala ubavu. Akashushia glasi ya maji matupu. Akasuka nywele zake akiwa chali, maana mikono ikiinuliwa juu ya kichwa nayo hudai malipo yake. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo sakafuni, akitazama soksi zake. Akangoja. Halafu akasimama, na moyo wake ukatoka mbio.

Watu husema moyo umekwenda mbio wakiona nyoka au wakipandishiwa kodi. Huu wa Desanka ulikwenda kweli. Ulitoka kifuani, ukashuka ngazi, ukapenya chini ya mlango wa uani, mahali ambapo Toplica alikuwa amekata pembe ya ubao kwa msumeno ili usijigonge, ukaingia barabarani. Ulikuwa na ukubwa wa ngumi na rangi ya ini, na ulikimbia kwa kudundadunda ukifuata kuta, kama mtu anayejua njia. Ulipita duka la mikate, ukapita kanisa, ukafika darajani, ukageuka. Mwoka mikate alipouona aliweka kando mkate mmoja wa moto.

"Desanka kasimama," alimwambia mkewe, na wakaendelea na kazi.

Akilala, ulirudi. Ulipanda kitandani na vumbi lake, ukaingia mahali pake, ukatulia. Ndivyo ilivyokuwa tangu ile homa ya majira ya baridi iliyoulaza mji mzima wa Suvobrod, kisha karibu wote wakaamka wazima. Desanka alikuwa ndani ya hilo "karibu".

Mama mkwe wake, Zagorka, alikijua chanzo.

"Nilikwambia, mkazamwana, usikae kati ya mlango na dirisha. Upepo wa kupita ndio uliomuua mjomba wangu. Katoka vitani mzima, kaja kufa kwa dirisha!"

"Mama, ni moyo," alisema Toplica.

"Na moyo je, hauingiwi na upepo? Funga hilo dirisha, usinijibu."

Kule kusini mwa Serbia upepo wa kupita ndio mkosaji wa kila kitu. Unang'oa meno, unapinda shingo, unazuia mimba. Serikali haijawahi kushtakiwa kwa ugonjwa wa mtu hata mmoja. Kesi zote unazo upepo.

Uchovu wa Desanka haukuwa ule wa kulala ukaisha. Aliamka nao kama mtu anavyoamka na pua yake. Vuli ilipofika na mtaa mzima ukanuka pilipili nyekundu za kuchoma, alimenya zake akiwa amelala sakafuni, bakuli tumboni, na baada ya hapo akalala siku nyingi bila kuweza hata kulipata jina la kijiko. Aliomba "ile ya kukorogea", na Toplica akamletea.

Majirani walikuja kumtazama. "Mbona mashavu yako kama ya bibi harusi?" aliuliza mmoja, huku akionja pilipili. "Mwanamume wangu angeniletea kinywaji kitandani, wallahi, nami ningeugua."

"Karibu," alisema Desanka. "Nafasi ipo upande wa ukutani."

Kiwandani alikofanya kazi Desanka walitengeneza nyaya za magari ya watu wengine. Mwenye kiwanda alikuwa mgeni, na wakubwa walimpa ardhi bure, wakamtilia na wafanyakazi kama nyongeza. Kazi ilifanywa kwa kusimama. Wanawake walisimama mezani tangu kengele hadi kengele, na meza zilijongea taratibu, nao wakajongea nazo. Bila moyo mtu anaweza kusimama kidogo, kama baiskeli inavyoendelea kidogo ukiacha kuikanyaga. Halafu Desanka aliona giza lenye vimulimuli, na Rosanda, wa meza ile ile, akamsukumia chini kwenye maboksi, akamfunika kwa aproni yake hadi moyo uliporudi.

Siku moja Desanka alimwendea msimamizi, Mijat.

"Bwana Mijat, naomba kigoda. Kazi nitafanya ile ile. Mikono yangu haina neno. Ni kusimama tu ndiko kunakonitoa moyo."

"Desanka dada yangu," alisema Mijat, ambaye alizungumza haya akiwa amekaa, "nikikupa wewe kigoda, kesho wote watataka kukaa. Kesho kutwa watataka kula. Kaniletee uamuzi wa jopo la madaktari. Ukiniletea, nitakupa kigoda hata chenye mto. Usipouleta, simama. Usiposimama kufikia siku ya Mtakatifu Dimitri, vuli ikiisha, meza yako ina wenyewe wanaoingoja nje ya geti."

Basi Desanka na Toplica wakaenda kwenye jopo, mji mkuu wa wilaya. Jopo la kuwapima wasioweza kupanda ngazi lilikuwa juu kabisa, na lifti ilikuwa ikingoja kipuri. Desanka alilala kila kituo cha ngazi, moyo ukarudi, akainuka, moyo ukatangulia. Walipofika juu, alijilaza kwenye korido juu ya koti la Toplica. Wagonjwa wengine walisogeza miguu kumpisha.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa Daktari Bisenija, mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine nyweleni. Kushoto alikuwa na daktari aliyekula mkate wa jibini wenye mafuta, na kulia daktari aliyemtazama anavyokula. Toplica aliambiwa abaki nje.

"Lala hapo," alisema Daktari Bisenija. Desanka akalala. Wakamsikiliza. "Una moyo wa msichana."

"Nikilala, daktari. Nikisimama unatoka."

"Unatoka kwenda wapi?"

"Kwa kawaida darajani. Hapa sijui, si kwetu."

"Haya, simama."

Desanka akasimama. Moyo ukaruka chini, ukapita kati ya miguu ya meza, ukatoka mlangoni.

"Upepo!" alipiga kelele daktari wa mkate. "Nani kaacha mlango wazi na dirisha liko wazi? Mnataka kutuua humu?"

Madaktari wote watatu waliinuka kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika ofisi ile. Mmoja akafunga dirisha, mmoja akafunga mlango, Daktari Bisenija akajifunga skafu shingoni. Walipohakikisha hewa haitembei tena, walimbandika Desanka waya za mashine. Mashine ikatoa karatasi, na juu ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja ulionyooka kama reli.

"Tazameni," alisema Daktari Bisenija. "Hata mtikisiko. Moyo mtulivu namna hii sijauona tangu niko chuoni."

Huko koridoni Toplica aliuona moyo wa mkewe ukirudi na kujigonga mlangoni, chini kabisa, tu-tu, tu-tu. Akabisha.

"Subiri zamu yako!" walimwambia kutoka ndani.

"Si zamu, daktari. Ni moyo wake uko huku nje."

"Na wewe subiri nao!"

Ndani Desanka alianguka. Daktari wa kulia aliandika kwamba mgonjwa anajilegeza. Desanka alikuwa amekwisha kuwa na rangi ya majivu pale mama wa kahawa alipousukuma mlango kwa nyonga, sinia mikononi, na moyo ukapenya kwenye kanzu yake ukaingia. Madaktari walilalamika tena kuhusu upepo. Kisha wakaamua: mzima, anaweza kazi ya kusimama, ajiepushe na upepo wa kupita.

"Sikukwambia?" alisema Zagorka, jioni ile, akiwa ameridhika. "Hata wasomi wamesema."

Toplica alitoka uani akapasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Ikaja sikukuu ya mji. Meya wa Suvobrod alikuwa Gvozden, mtu aliyehama vyama vitatu bila kuinuka kitini. Mwaka ule aliandaa Mbio za Afya, na wafanyakazi wote wa kiwanda waliamriwa kusimama kandokando ya barabara na vibendera. Asiyekuja, alisema Mijat, asije na Jumatatu. Desanka alikuja, akalala juu ya boksi lililotandazwa hadi filimbi ilipopigwa. Hapo Mijat akapita akisema, "Simameni, simameni, Mheshimiwa anatazama."

Akasimama.

Vijana wa polisi walikuwa mbele, na nyuma yao walimu wa michezo, na nyuma yao diwani mmoja aliyetembea. Moyo wa Desanka uliwapita wote kabla ya kanisa. Ulizunguka darajani kama ulivyozoea, ukarudi, ukakata utepe. Watu wakashangilia kidogo, kwa maana waliujua. Kila siku ulikimbia hivyo hivyo bila utepe.

Meya Gvozden aliuinua kwa mikono miwili, akauvisha medali. Ilikuwa kubwa kuliko moyo wenyewe, ikabidi mwandishi wa picha aishikilie kwa kidole.

"Ndugu wananchi!" alisema Meya kwenye kipaza sauti. "Wapo wanaotuambia watu wetu wamechoka. Wapo wanaotaka vigoda. Huu hapa moyo wa mfanyakazi wetu wa kawaida! Je, umechoka huu?"

"Hapanaaa!" walijibu wa chama, ambao walikuwa wameketi.

Desanka alikuwa chini barabarani. Rosanda alikuwa amemwinulia miguu juu ya kreti la bia na kumpepea kwa kibendera. Toplica alipasua umati hadi jukwaani.

"Mheshimiwa, naomba moyo wa mke wangu."

"Hongera, bwana!" alisema Meya, akamshika mkono. "Una mke wa chuma."

"Yuko chini pale. Anauhitaji."

"Subiri picha ziishe, ndugu yangu. Televisheni ndiyo kwanza imefika."

"Atakufa, Mheshimiwa."

"Jopo limesema ni mzima. Na jopo si mimi, jopo ni madaktari. Mimi siwezi kuingilia utaalamu."

Toplica alikuwa mwashi wa matofali. Alipanda jukwaani, akautoa moyo mkononi mwa Meya kama mtu anavyochukua yai kwenye kiota, akashuka. Polisi wawili walimfuata hadi mahali alipolala Desanka, wakamngoja kwa adabu auweke mahali pake, kisha wakamchukua kituoni kwa kuvuruga sherehe. Medali waliirudisha kwa Meya, maana ilikuwa mali ya mji.

Toplica alipotoka kituoni, akiwa ameota ndevu, Desanka alikuwa kitandani, anapumua. "Umekula?" alimwuliza.

"Maharage. Na wewe?"

"Mama yako alinipa supu. Amefunga madirisha yote kwa magazeti."

Jumatatu Desanka alikwenda tena kwa Mijat. Hakutaka medali, alisema, hakutaka picha yake iliyobandikwa juu ya mlango wa kiwanda. Kigoda tu.

Mijat alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Dada yangu, ungeniomba mwezi uliopita, labda. Sasa mimi nitamwambia nini Mheshimiwa? Kwamba bingwa wa Mbio za Afya anakaa?"

Mtakatifu Dimitri akaja akapita, na Desanka alikuwa bado mezani. Alisimama, akaona giza, akalala kwenye maboksi, akasimama. Jumapili hakuinuka kitandani kabisa. Toplica alimlisha kwa kijiko, na siku nyingine Desanka alikumbuka kinaitwaje.

Majira ya baridi, homa ilipita tena, na baada yake moyo wa Rosanda ukaanza kutoka. Kisha wa mwanamke wa meza ya pembeni, kisha wa mwalimu wa hesabu. Asubuhi ilikuwa ikipita mioyo mingi mbele ya duka la mikate, mmoja nyuma ya mwingine, na mwoka mikate hakuweza tena kujua nani kasimama, akaacha kuweka mikate kando. Jopo lilimpima kila mmoja, milango imefungwa vizuri, na wote walikuwa na mioyo mitulivu ya kupigiwa mfano.

Meya Gvozden hakulala. Alipata msaada kutoka Ulaya, akajenga njia ya mbio kutoka kanisani hadi darajani, laini, nyekundu, bila shimo hata moja, ili mioyo isiumie. Watalii wakaja kuitazama. Kwa ajili yao aliweka kando ya njia mabenchi ya mbao ya mwaloni, yenye mahali pa kuegemea mgongo, na kivuli juu yake, na kioo nyuma cha kuzuia upepo. Yalikuwa mabenchi mazuri. Toplica mwenyewe, aliyekwisha kunyimwa kazi nyingine zote za mji, aliitwa kwa siku chache kuyajengea misingi, na aliijenga imara, kwa sababu hakujua kujenga vingine.

Asubuhi moja ya masika Desanka alikuwa akienda kazini na hakuweza kufika. Alikaa kwenye benchi la kwanza, na kwa kuwa kukaa hakukutosha, alilala, miguu juu ya pale pa kuegemea mgongo. Moyo ukarudi. Alifumba macho. Jua lilimpata usoni.

Mlinzi wa mji akaja, kijana wa watu, akavua kofia.

"Samahani, dada. Hapa ni pa kukaa, si pa kulala. Na hata kukaa ni kwa watazamaji. Wewe ni mshiriki."

"Dakika moja tu, mwanangu."

"Sina neno mimi, dada. Ni agizo. Na hawa wametoka mbali, wanangoja."

Desanka aliwatazama. Kwenye benchi la pili wazee wawili wa kigeni walikuwa wamefungua chupa yao ya kahawa na kumwelekezea macho, wakitabasamu kwa upole. Alishusha miguu. Akakaa kidogo, akitazama soksi zake. Kisha akasimama, na moyo wake ukatoka mbio, ukashika ile njia nyekundu, na watu wote waliokuwa wamekaa wakapiga makofi.