Feni Iliyovuta

Wenzake walimwita Bomoa, na jina lenyewe hakusingiziwa. Redio ya kaseti ya baba yake aliifungua akashindwa kuifunga, na saa ya ukutani ya bibi yake ikaishia huko huko. Lakini kila Ijumaa, kipindi cha kuunda vitu, mwalimu wa sayansi humpa bisibisi na kumwambia, "Haya mama, fungua." Bomoa aliishi kwa ajili ya kipindi hicho.

Sasa kipindi chenyewe kilikuwa mashakani. Mwalimu mkuu, mama mwenye kikohozi kisichosikia dawa, alikuja akakaa mbele ya darasa. "Kila wiki nasikia nyundo tu," alisema. "Leo nisipoona kinachofanya kazi, mnarudi kunakili ubaoni."

Kundi la Bomoa lilikuwa na feni: chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako, mota ya ile redio ya baba, mapanga ya bati la kopo, na kitambaa chepesi mbele mapanga yasije yakakata mtu vidole. Walimwaga vipande vya karatasi mezani ili vipeperuke mwalimu mkuu aone. Bomoa akapiga moyo konde, akagusisha nyaya kwenye betri.

Karatasi hazikupeperuka. Zilikuja mbio zikaganda kwenye kitambaa.

Darasa likaangua kicheko. "Nyaya umezigeuza," mwenzake alinong'ona. "Ee Bomoa, umetubomoa na sisi."

Machozi yakamlengalenga. Mwalimu mkuu alisimama kwenda zake, na alipopita karibu na ubao, kikohozi kikamkamata. Bomoa akamtazama. Akatazama kibao cha kuwekea chaki chini ya ubao, kilichojaa vumbi la miaka nenda miaka rudi. Mkono wa mwenzake ulikuwa tayari kwenye nyaya kuzirekebisha.

"Acha hivyo hivyo," Bomoa alimwambia.

Akakung'uta karatasi, akaipeleka chupa kwenye vumbi. Mota ikalia kama mbu mwenye njaa. Alipopita, kibao kilibaki safi nyuma yake na kitambaa kikawa cheupe. Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu mkuu alipitisha kidole pale, akakiangalia, akavuta pumzi ndefu bila kukohoa.

"Nani kakufundisha hii?"

"Hakuna, mwalimu. Nimekosea."

Mama yule akarudi kwenye kiti chake, akakaa.

"Basi Ijumaa ijayo," alisema, "ukosee tena."