Kibibi Hatoki

"Taja jina lako, kisha ukiache kiti hiki, umtoke mwanamke huyu," alisema mganga Fakihi, akisogeza chetezo cha ubani karibu na uso wa Chausiku.

Chausiku, msuka mikeka wa Temeke, alikuwa amekaa katikati ya ua, kafunikwa shuka nyeupe. Tangu vita vya Hitla viishe alikuwa akipotewa na nafsi yake. Anaanza kusuka ukili wa mkeka vizuri, akizinduka anaukuta umesukwa ovyo kama na mtoto, na majirani wanamwambia alikuwa akilia chini ya kitanda. Mjomba Nassibu, aliyemlea, ndiye aliyemleta mganga. Ikishindikana, alisema, atamwomba daktari wa serikali amfungie kwa wendawazimu.

Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa nyembamba. "Mie Kibibi. Nitoke niende wapi?"

"Ulikotoka."

"Stoo? Kule kuna giza. Mjomba alinifungia, akanichapa kwa waya. Chausiku akaenda zake, akaniachia maumivu mie."

Nassibu akakohoa. "Pepo mwongo huyo. Mzidishie moshi."

"Asizidishiwe," akasema Hamisa, mama mdogo wa Chausiku. Akaivuta shuka, akamshika mikono. "Kibibi, mwanangu, mie nipo. Pumzika."

Macho yakajifumba. Yalipofumbuka, sauti ilikuwa ya Chausiku. "Kasema nini?"

Hamisa akamweleza yote, bila kupunguza, mjomba akiwa palepale. Chausiku alisikiliza kama anayesimuliwa habari za jirani, kisha machozi yakamtoka. Akainuka, akayamwaga makaa ya chetezo mchangani.

"Mganga, asante, nenda nyumbani. Mtoto huyu hatoki. Alinibebea yaliyonishinda, sasa zamu yangu kumbeba yeye. Mjomba, wa kutoka ni wewe."

"Nimekulisha mie."

"Umenilisha. Toka."

Akatoka, hakuaga.

Tangu hapo Hamisa alikuja kila alasiri, wakasuka pamoja. Kibibi akitokea, alikaribishwa, akapewa kashata, akaulizwa yaliyompata. Aliyoyasema, Chausiku alihadithiwa baadaye, hadi mengine akaanza kuyakumbuka mwenyewe. Kuna siku alikataa kusikia. Kuna siku aliurarua ukili wote, akalala na njaa. Kesho yake alimwita Hamisa tena.

Alasiri moja ya mvua za vuli, Chausiku alijikuta akiimba wimbo wa watoto asiokumbuka kufundishwa. Hakuuzima. Ulipomkatikia katikati, aliweka kazi magotini, akatulia, akamngojea mtoto anayeujua auendeleze.